Msalaba Uliochuja Rangi

Kwa wale waliokosa gazeti la Jumapili iliyopita: nilimwacha mama yangu, Rasoa, akiwa amekata roho katika wodi ya wanawake huko Kitale, nami nimesimama kando ya kitanda nimeshika kanzu yake nyeupe isiyokuwa na msalaba.

Tangu hapo mmeniandikia barua za matusi. Msomaji mmoja wa Webuye ameniita Yuda. Sawa. Yuda angalau alilipwa.

Sasa kaeni chini mnisikilize, kwa maana mabaya yenyewe yalikuwa hayajaanza.

Mama alikuwa mmoja wa wale ambao kwetu Bungoma tunawaita Watu wa Kanzu. Kanzu nyeupe hadi kwenye vifundo vya miguu, msalaba mwekundu kifuani, ngoma, ndoto. Msalaba wao haununuliwi. Haushonwi na fundi wa mjini. Unashonwa kwa mkono na muumini aliyefunga kula, siku ambayo Roho ameonyesha. Ukifa, akina mama wa kanisa wanaifua kanzu yako mtoni, unavikwa, unaimbiwa, unazikwa. Ukifa bila msalaba wako hawaji. Unafukiwa tu na jamaa zako kama mbwa wa jirani.

Mimi sikuwa mmoja wao. Baba yangu alikuwa wa kanisa la Marafiki na alinilea kwa njia ya misheni yao ya Lugulu: hakuna msalaba ukutani, hakuna maji ya ubatizo, watu wanakaa kimya kwenye benchi wakimngoja Mungu. Nilikaa kwenye benchi hilo miaka yote ya utoto wangu na sikusikia kitu ila tumbo langu. Darasa la sita niliacha shule. Benchi nalo nikaliacha.

Kwangu mimi msalaba ni vipande viwili vya kitambaa. Na mwaka ule wa 1994, vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa vikinilisha.

Vijana wa Kitale walikuwa wameshikwa na wazimu wa misalaba. Waliona waimbaji kwenye video, wakapotea. Msalaba sikioni. Rozari juu ya fulana, na aliyeivaa hajui Salamu Maria inaanzaje. Mimi na cherehani yangu tukawa tunawashonea misalaba mgongoni mwa jaketi za jinzi. Kijana mmoja, Kibiwott, akataka wake uwe kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Nikamshonea.

Katekista mmoja akanijia kibandani amevimba kama chura.

"Fundi! Ati umeweka msalaba wa Bwana kwenye makalio?"

"Nimeweka kwenye mfuko. Makalio ni ya Kibiwott."

"Si anaukalia!"

"Basi mwambie asimame."

Hakucheka. Haikupita wiki watu wakaanza kunong'ona kwamba cherehani yangu ni ya wale wanaoabudu shetani. Mwaka ule kila mtu alikuwa anamwona shetani. Ukinunua gari, shetani. Mtoto wako akivaa nyeusi, shetani. Wateja wangu wa sare za shule wakanihama. Haya nilikwisha kuyaeleza.

Aliyekuwa mbele ya fashoni hiyo yote ni binti yangu, Nasimiyu. Midomo myekundu, jinzi imetobolewa magotini kwa makusudi, na babake ni fundi wa nguo. Lakini Mama alipolazwa, ni huyo huyo Nasimiyu aliyempelekea uji kila asubuhi. Ndugu zangu wote walikuwa na mahindi ya kupalilia.

Mama alipozidiwa aliniita karibu.

"Absalom, kanzu yangu iko kwenye mfuko chini ya kitanda. Ipeleke nyumbani vile iko. Usiiguse na sindano yako."

"Niiguse ya nini, Mama?"

"Nakujua. Wewe huwezi kuona kitambaa ukakiacha."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Si Mungu akubariki. Si lea watoto wako vizuri. Usiiguse na sindano yako.

Alipokata roho nikafungua mfuko. Kifuani mwa kanzu palikuwa na alama ya msalaba, nyeupe kuliko nguo nyingine yote, mahali ambapo jua halikufika tangu nikiwa mtoto. Msalaba wenyewe ulikuwa umefumuliwa, uzi kwa uzi.

Sikuhitaji polisi. Nilijua ulipo. Nilikuwa nimeushona mimi mwenyewe.

Siku za nyuma kidogo Nasimiyu aliniletea jaketi lake pamoja na msalaba mwekundu uliopauka. "Baba, niwekee hii mgongoni." Nikamuuliza ameutoa wapi. "Mtumba," akasema. Nikashona. Fundi akianza kuuliza kila kitambaa kilikotoka, atakufa njaa.

Nilitoka hospitalini moja kwa moja hadi nyumbani. Nilimkuta amekaa kitandani, macho yamevimba kwa kulia, jaketi magotini.

"Umemwibia bibi yako."

"Sikumwibia Kukhu."

"Huu msalaba umetoka kwa kanzu yake au haukutoka?"

"Ulitoka. Lakini si mimi niliutoa."

"Ni nani? Malaika?"

Akaniangalia. "Nikikuambia hutaamini."

Nikampiga kofi. Msiniandikie barua juu ya hilo, najua. Akasimama, akavaa jaketi lake polepole, mkono mmoja, kisha wa pili, ili nione vizuri anavyolivaa.

"Lete hapa," nikamwambia. "Nizike mama yangu."

"Siwezi."

"Basi ukitoka na hilo jaketi usirudi. Na matangani usikanyage."

"Nitakuja," akasema akiwa mlangoni. "Lakini si kwa sababu yako."

Akaenda. Nilimtafuta kwa rafiki zake wote, hata kwa yule Kibiwott wa makalio. Hakuna aliyemwona, au hakuna aliyetaka kuniambia.

Mngetaka nifanye nini? Mama yuko mochari. Gari la kumchukua limekwisha kutafutwa. Bungoma, Watu wa Kanzu wanangoja na ngoma zao. Nilimwona mama yangu akiimba nao miaka nenda miaka rudi, nikiwa nimejificha nyuma ya ghala la mahindi kwa sababu baba hakutaka. Sikuamini hata mstari mmoja. Lakini yule mwanamke alikuwa ameimba kwenye kaburi la kila mmoja wao. Wangekuja kumwimbia, hata kama ni kwa uongo wangu.

Nikatafuta kibandani kitambaa chekundu. Kilichokuwepo kilikuwa mabaki ya kaptura za michezo za shule moja ya msingi. Nikakata msalaba kwa kufuata ile alama nyeupe. Nikaushona kwa mkono, mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiyejua kushona, kama wanavyoshona wao. Ulikaa kana kwamba haukuwahi kutoka.

Sindano niliigusisha, ndiyo. Na nilikuwa nimekula ugali na nyama.

Nyumbani kwetu ni chini ya Kimilili, mahali ambapo ukigeuza shingo unauona Mlima Elgon wote. Tulipofika na jeneza, uwanja ulikuwa umejaa. Kaka yangu Festus ndiye aliyenipokea. Festus hakuwahi kuondoka nyumbani na hakuwahi kunisamehe kwamba mimi niliondoka.

"Umemleta akiwa maiti," akasema. "Ulimchukua akitembea."

"Nilimchukua akibebwa, Festus. Wewe ndiye uliyeshika miguu."

"Na yule msichana wako wa shetani yuko wapi?"

"Mtoto wangu ana jina."

"Habari za Kitale zinafika hapa, bana. Tunajua mnashona nini."

Kabla sijamjibu, Mwangalizi Wabwile akatokea katikati ya watu. Huyu ndiye mkubwa wa Watu wa Kanzu sehemu zetu zote. Mzee mrefu, mkavu, kofia nyeupe, macho ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa uongo akaucheka. Akanyoosha mikono. Nikamkabidhi kanzu ya Mama.

Akapitisha kidole gumba juu ya msalaba, juu, chini, kushoto, kulia.

"Wa Rasoa ulikuwa umepauka," akasema.

"Sabuni za Kitale ni nzuri, Mwangalizi."

"Sabuni inayorudisha rangi?"

"Mji ule una kila kitu."

Kisha akampa kanzu Mama Nekesa, kiongozi wa akina mama wao. "Fueni," akasema. Wanawake wakashuka kijitoni wakiimba, na ngoma nyuma yao.

Nikapumua. Nikaomba chai. Nikapewa kikombe, nikakaa kwenye kigogo, nikasema moyoni: Mama, nimekufikisha.

Sikumaliza chai hiyo.

Walipanda kutoka kijitoni bila wimbo. Ngoma imebebwa begani kama mzigo wa kuni. Mama Nekesa alikuwa mbele, amenyoosha kanzu kwa mikono miwili mbele yake, na kanzu haikuwa nyeupe tena. Kuanzia kifuani hadi chini ilikuwa imeingia wekundu, mahali pengine mistari, mahali pengine rangi ya waridi, na matone yalikuwa yakidondoka kwenye nyasi.

"Imelia!" akapiga kelele. "Kanzu ya Rasoa imelia damu!"

Uwanja mzima ukasimama.

Ninyi mnaovaa nguo hamjui. Kitambaa chekundu cha bei ya chini ni lazima ukiloweke kwanza kwenye maji ya chumvi, la sivyo kikiguswa na maji kinachuja rangi juu ya kila kilicho karibu. Mtoto anayejifunza cherehani anajua hilo siku ya kwanza. Mimi, fundi wa miaka yote hiyo, nilisahau. Na kitambaa cha kaptura za michezo hakikutengenezwa kukaa juu ya kanzu nyeupe.

"Damu hailii bure," Mama Nekesa akasema. Sauti yake sasa ilikuwa chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Rasoa hakufa. Rasoa aliuawa."

"Aliuawa na nani?" mtu akauliza.

Nilijua nani angejibu.

"Nani alikuwa anampikia uji?" Festus akasema. "Ulizeni. Nani alikuwa anaingia kwa hiyo wodi kila asubuhi na kikombe? Si ni yule msichana? Msichana wa misalaba! Wanavaa mgongoni, wanavaa masikioni, wanakalia! Huyo ndiye aliyemla mama yetu!"

"Nasimiyu!" mtu akataja jina.

Jina likaruka kutoka mdomo hadi mdomo. Vijana wakaanza kuinuka. Nikaona mmoja anachomoa fito kwenye ua.

Ninyi mlio mijini msidhani ni maneno tu. Mwaka ule mtu akitajwa hivyo mbele ya maiti, hafiki mbali. Nyumba inachomwa kwanza, maswali yanaulizwa juu ya majivu. Na mtoto wangu alikuwa ameniambia atakuja.

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumwokoa, nacho kingemnyima mama yangu wimbo wake. Niliangalia jeneza. Niliangalia ile fito.

Nikasimama juu ya kigogo.

"Si damu! Ni rangi! Huo msalaba ni wa uongo. Nimeushona mimi, kwa kitambaa cha kaptura za watoto wa shule!"

Mnadhani walinyamaza? Walicheka.

"Anamfunika mtoto wake," Festus akasema. "Ona vile anatetemeka."

"Festus, mimi ni fundi. Hiyo rangi imechuja!"

"Na miaka yote umeshona, rangi ikuchujie leo? Mbele ya maiti?"

Nikaingiza mkono kwenye koti. Kama mafundi wote, mifuko yangu haikosi mabaki. Nikachomoa kipande cha kitambaa kile kile. Palikuwa na karai la maji ya kunawia mikono kando ya jiko la wapishi. Nikalibeba, nikaliweka chini mbele ya Mwangalizi Wabwile, nikatumbukiza kitambaa, nikakikamua.

Maji yakawa mekundu kama juisi ya matanga.

"Haya," nikasema. "Nimemuua nani hapa? Mtoto wa kucheza mpira?"

Hapo ndipo waliponyamaza. Kijana wa fito akairudisha fito kwenye ua, taratibu, kama mtu anayeficha mkono. Mama Nekesa aliiangalia kanzu mikononi mwake, akaliangalia karai, na uso wake ukaanguka. Hata mimi nilimwonea huruma. Alikuwa ameshika damu ya shahidi, na sasa ameshika kaptura.

Mwangalizi Wabwile hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kwa hivyo ulileta kanzu isiyo na msalaba."

"Ndiyo."

"Ukatupa uongo tuufue. Mtoni kwetu. Na nyimbo zetu."

"Mlitaka msalaba, nikawapa msalaba. Macho yenu yalitofautisha? Kidole chako kilitofautisha? Ni kitambaa, mzee! Ni kitambaa siku zote!"

"Kama ni kitambaa," akasema, "kwa nini uliogopa kutuletea kanzu bila hicho?"

Nikakikamua kile kitambaa mara ya pili.

Akageukia watu wake. "Bebeni ngoma. Rasoa hana msalaba. Tuwaachie jamaa zake wamzike."

Wakaanza kukusanya vitu vyao. Wanawake wengine walikuwa wakilia, lakini waliendelea kukunja mikeka. Festus akanijia hadi pua yake ikakaribia yangu.

"Umetuaibisha hadi kwa wajukuu. Mama atazikwa kimya kama mwizi. Kimya ya hao Marafiki wa baba yako."

"Alikuwa baba yako pia, mjinga wewe."

Tungepigana pale pale, mbele ya jeneza, wazee wawili wenye mvi. Kilichotuzuia ni sauti ya mwanamke mmoja langoni.

"Ndiye huyo!"

Nasimiyu alikuwa ameingia.

Sijui alilala wapi siku hizo zote. Midomo ilikuwa myekundu bado. Jinzi ni ile ile, magoti nje, vumbi hadi mapajani. Watu walimpisha, na kila alipopita waligeuka kumtazama mgongo, kwa maana hapo mgongoni, katikati ya jinzi, palikuwa na msalaba uliopauka ambao kila Mtu wa Kanzu pale aliujua kama anavyoujua uso wa Rasoa.

"Mwizi!" Festus akapaza sauti. "Amevaa kaburi la mama yetu!"

"Baba mkubwa, shikamoo," Nasimiyu akasema, akampita. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Mwangalizi. Mimi hata hakuniangalia.

"Sikuiba," akamwambia. "Kukhu alinipa. Aliufumua mwenyewe kwa wembe, amelala kitandani, mkono ukitetemeka. Nikamwambia wacha nikusaidie, akakataa."

"Kwa nini akupe wewe?"

"Aliona rozari yangu ya plastiki. Akacheka. Akasema, hii yako haina uzito, ngoja nikupe yenye uzito. Akaniambia nivae tu. Nivae sokoni, nivae disco, nivae kama mchezo. Siku mchezo utaisha, nitajua mwenyewe."

"Uongo!" Mama Nekesa akasema. "Rasoa apeleke msalaba disco?"

"Na mimi uliniambia ni mtumba!" nikadakia.

Sasa ndipo aliponigeukia. "Ungeushona kama ningekuambia ukweli, Baba?"

Nikakumbuka kitanda cha hospitali. Ipeleke vile iko. Usiiguse na sindano yako. Mama hakuwa ameibiwa kitu. Alijua kabisa hali ya kanzu yake alipoiweka mfukoni. Alikuwa ametuma ujumbe kwa watu wake kwamba msalaba umepata mwingine, nami nikaushonea kaptura juu.

Mwangalizi Wabwile aliinua mkono. Waliokuwa wakikunja mikeka wakaacha.

"Kwetu sisi," akamwambia Nasimiyu polepole, "msalaba hautolewi mtupu. Anayeutoa anautoa na neno. Rasoa alipopewa wake, mimi ndiye niliyemnenea neno hilo sikioni. Hakuna aliyelisikia ila yeye. Kama alikupa, alikupa nalo. Kama uliiba, hunalo." Akainamisha kichwa. "Sema."

Vijana walikuwa wamesogea tena. Ile fito ilikuwa imetoka tena kwenye ua.

Nilijaribu kumfikia. Festus akanishika koti.

Nasimiyu akasimama kwa ncha za vidole, akaweka midomo yake myekundu kwenye sikio la mzee. Lilikuwa neno moja, au mawili. Halikuchukua muda.

Mwangalizi Wabwile alivua kofia yake. Sikuwahi kumwona bila kofia, na sijui mtu mwingine aliyewahi. Kichwa chake kilikuwa na upara na jasho.

"Wekeni ngoma chini," akasema.

Akina mama wakapiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Mama Nekesa akapiga magoti. Festus akaniachia koti. Mimi niliketi pale pale kwenye nyasi kama gunia, nikasema, yamekwisha. Mtoto ni mzima na mama ataimbiwa. Nilikuwa nimepoteza kila kitu mwaka ule, lakini hayo mawili nimeyapata.

Mjinga.

Kwa maana Mwangalizi alimnyang'anya Mama Nekesa kanzu ile, imelowa bado na wekundu wake wote, akamnyooshea Nasimiyu.

"Vaa."

Nikaruka juu. "Avae nini? Hiyo ni ya Mama! Mama ndiye anavikwa!"

"Rasoa tutamzika na shuka nyeupe na tutamwimbia hadi jua litue. Kanzu ina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko ndani ya sanduku!"

"Mwenyewe amesimama hapa," Mwangalizi akasema. "Mtu akitoa neno ametoa na mahali pake. Mahali pa Rasoa ni penye kuota ndoto za kanisa zima. Hapakai wazi hata siku moja. Huyu harudi Kitale."

"Huyu?" Nilicheka, lakini kicheko kilitoka vibaya. "Huyu hajui hata Baba Yetu hadi mwisho! Huyu ni mtoto wa video! Mwangalizi, anavaa msalaba kama wengine wanavyovaa hereni. Ni fashoni! Nimewashonea wote, nawajua!"

"Wewe unajua nguo," akanijibu. "Leo tumeona unavyozijua."

Watu wakacheka. Hata waliokuwa wakilia walicheka.

Nikamshika Nasimiyu mabega. Nilimshika karibu na shingo, kwa mkono ule ule niliompigia kofi, na nikahisi anaganda.

"Mama, nisikilize," nikamwambia. Sikuwa nimemwita hivyo tangu alipokuwa mdogo. "Waambie ni staili tu. Sema neno hilo moja na tunaondoka. Nitakushonea misalaba kumi. Waambie ni staili."

Akanitazama. Vumbi usoni, machozi yamepita ndani ya vumbi, na ile midomo.

"Nilikuwa nafikiri hivyo pia, Baba," akasema.

Nyuma yangu nikasikia mlio wa chuma. Festus, mtoto wa mama yangu, alikuwa akifunga lango la boma kwa mnyororo.

Nikageuka kumtukana. Nilipogeuka tena, ngoma ilikuwa imeanza, na Nasimiyu alikuwa amekwisha kutoa mkono mmoja kwenye jaketi, kanzu ikimngoja.